Kukawia si Kuchelewa: Kitenzi cha Kiyunani chronizo na Mizani ya Kiswahili

Mfasiri wa maandiko ya kale hukutana aghalabu na maneno mawili ambayo kamusi huyapa fasili moja, ilhali wazungumzaji hawayachanganyi. Kukawia na kuchelewa ni jozi ya namna hiyo. Nitaidhihirisha tofauti yake kwa kukichunguza kitenzi cha Kiyunani chronizo, kinachojitokeza mara 5 katika Agano Jipya.

Chronizo kimenyambuliwa kutokana na nomino chronos, yaani muda. Maana yake ya msingi ni kuchukua muda mrefu. Chenyewe hakisemi kwamba palikuwa na saa iliyopangwa, wala kwamba saa hiyo imepita. Katika Luka 1:21 watu wanamngojea Zakaria na kustaajabu kwamba amekaa mno hekaluni, hawamlaumu. Katika Mathayo 25:5 bwana arusi anachukua muda kufika, na wanawali wanasinzia. Simulizi haitaji popote saa aliyoahidi kuja.

Kuchelewa, kwa upande wake, kunatokana na kitenzi -cha, kile kilichomo katika 'kumekucha'. Aliyechelewa, kwa asili ya neno, ni yule aliyekutwa na mapambazuko kabla hajatenda alilopaswa kulitenda. Neno hili, basi, limebeba mpaka ndani yake, na kuuvuka mpaka huo ni hasara. Ndiyo maana wahenga walionya: chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Kukawia hakuna mpaka wa lazima. Wahenga hao hao waliweza kunasihi: kawia ufike. Hakuna anayenasihi 'chelewa ufike'. Kwa mantiki hii, bwana arusi alikawia. Tukisema kwamba alichelewa, tunamtia hatiani kwa ahadi asiyoitoa.

Uzito wa jambo hili waonekana zaidi katika Habakuki 2:3, panapozungumziwa maono yanayopaswa kungojewa. Kiebrania kinatumia vitenzi viwili tofauti. Cha kwanza, yitmahmah, chahusu kusitasita na kukawia. Cha pili, ye'acher, kina mzizi mmoja na neno lenye maana ya 'baada' au 'nyuma'. Mfasiri anayetumia kukawia mahali pote pawili humwambia msomaji angoje maono yakikawia, kwa kuwa hayatakawia. Kauli inajipinga. Akitumia kukawia kwanza, kisha kuchelewa, mgongano unatoweka: maono yaweza kuchukua muda mrefu, wala yasipitwe na saa yake.

Wafasiri wa Septuaginta nao walitumia vitenzi viwili, ila mpangilio wao ni mwingine. Kwanza waliweka hystereo, chenye dhana ya kubaki nyuma. Kisha chronizo, ambacho Waebrania 10:37 imekirithi. Hivyo msomaji wa Kiyunani anaahidiwa kwamba muda wenyewe hautarefuka, ilhali wa Kiebrania anaahidiwa kwamba saa haitapita. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kuzitenga ahadi hizo mbili, na lugha yake imemjalia maneno ya kuzitengea.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua neno, mfasiri ajiulize: je, matini yataja saa, au yataja muda tu? Anayengoja aliyekawia angali na tumaini. Anayengoja aliyechelewa ana dai. Kumpa msomaji dai mahali pa tumaini ni kuigeuza imani ya matini, hata kama kamusi itamtetea mfasiri.