Simu ya Msafiri Ng'ambo ya Mpaka

Mama mmoja wa mtaa wetu mjini Lubumbashi alipanda basi kwenda Dar es Salaam kununua vitenge. Nyumbani aliacha watoto wanne pamoja na nyanya yao. Kabla ya kuondoka alitia inite za dola 5 katika simu yake, akamwambia mzee: "Mama, usiwe na hofu, nitakupigia kila jioni." Basi likavuka Kasumbalesa, likaingia Zambia. Usiku ule rafiki watatu walimpigia simu, naye akazungumza nao wote kwa furaha. Asubuhi alipotaka kuwasalimu watoto, simu ilimjibu kwamba fedha imekwisha.

Siku tatu hakusikika. Mtoto mdogo alishikwa na homa, na nyanya hakujua fedha ya dawa imewekwa wapi. Majirani walianza kunong'ona kwamba labda basi limeanguka. Mtoto alipona, na mama alirudi salama. Lakini mzee yule hataisahau hofu ya siku zile.

Basi, wasomaji wapenzi, tuulize: fedha ile ilikwenda wapi? Hakuna mwizi aliyeiiba. Simu ikitoka Kongo huiacha minara ya kampuni yake, ikaomba kukaribishwa katika minara ya kampuni ya nchi nyingine. Mwenyeji huyo hachukui maneno yetu bure: huidai kampuni yetu, nayo huikata fedha iliyo katika kadi yetu. Rafiki anayepiga simu kutoka Lubumbashi hulipa kama kwamba twaishi bado jirani naye. Safari ya sauti kutoka Kongo hata Zambia, mara nyingi hulipwa na yule anayepokea. Ndiyo maana mama yule alimaliza inite zake bila kumpigia mtu hata mmoja.

Mwenye kulipa kwa mwezi huletewa deni baadaye. Mwenye kulipa kabla hunyamazishwa palepale. Tena inite za Zambia huenda zisijaze namba ya Kongo. Mtu aliye nyumbani aweza kumtilia.

Tusidhani kwamba gharama hizi ni kama mvua, isiyozuilika na mtu. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel iliunganisha wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania, wakapokea simu bila malipo katika nchi zote tatu. Mwaka 2007 Kongo yetu ikaongezwa. Na tangu tarehe 15 Juni 2017, msafiri wa nchi za Umoja wa Ulaya hutumia simu yake katika nchi nyingine za Umoja huo kwa bei ya kwao. Bei ni mapatano ya watu, na mapatano hubadilika. Kwa hiyo kabla ya safari yatupasa kwenda katika duka la kampuni yetu na kuuliza mambo matatu: Je, namba yangu itafanya kazi huko? Kupiga ni bei gani? Kupokea ni bei gani? Kuuliza si ujinga.

Anayekwenda kukaa siku nyingi, heri anunue kadi ya nchi ile. Lakini ainunue katika duka la kampuni, akiwa na pasipoti yake; Tanzania hutaka pia alama za vidole. Kadi ya barabarani iliyoandikishwa kwa jina la mtu mwingine yaweza kumtia mashakani. Kadi ya Kongo asiitupe, kwa maana fedha aliyoiweka katika simu imefungwa na namba ile.

Intaneti nayo hula kimya kimya. Hata simu ikilala mfukoni, huenda ikapokea picha na kujitengeneza upya. Tuifunge intaneti ya kadi ya nyumbani kabla ya kufika mpakani. Pale Nakonde na Tunduma, miji miwili inayotazamana, simu yaweza kurukia mnara wa ng'ambo hata mwenyewe hajavuka. Afadhali kuichagulia kampuni kwa mkono, kuliko kuiacha ijichagulie.

Namba za jamaa zote ziandikwe kwa +243 mahali pa sifuri ya kwanza, la sivyo hazitapatikana kutoka nje. Ziandikwe pia katika karatasi, kwa sababu simu huibiwa.

Mwisho, jambo lililo kubwa kuliko yote: mapatano ya nyumbani. Tuagane na wale tunaowaacha saa ya kupigiana, tukikumbuka kwamba saa mbili ya usiku Dar es Salaam ni saa moja Lubumbashi. Tuchague mtu mmoja wa kututilia inite tukinyamaza. Rafiki waambiwe wasipige kwa mazungumzo tu. Tena tuonyeshe mahali fedha ya dawa ilipo.

Mama yule amekwisha kwenda tena Dar es Salaam. Safari hii alimwachia mzee karatasi yenye namba, saa, na mahali pa ufunguo wa sanduku. Alipofika Mbeya aliongea naye dakika moja tu, na nyumba nzima ikalala usingizi.