Neti inakokota? Pima rauta yako kabla ya kuongeza pesa

UNAISHI Umoja, Kayole, Donholm au Pipeline, na umelipia faiba ya megabiti 20. Ukashuka Luthuli Avenue ukajinunulia rauta yako, maana ile ya kampuni haifiki chumba cha kulala. Sasa video zinakwama, mahojiano ya kazi kwenye Zoom yanakatika, na unawaza kupanda hadi kifurushi cha bei ghali zaidi.

Subiri kwanza. Neti ya nyumbani hupitia sehemu tatu: laini ya kampuni, rauta yako, na hewa iliyo kati ya rauta na simu. Kifurushi kikubwa hutibu sehemu ya kwanza pekee. Kama ugonjwa uko kwingine, utalipa zaidi kila mwezi na neti itabaki ile ile.

Anza na waya

Chomeka laptopu kwa waya moja kwa moja kwenye rauta ya kampuni, zima waifai, kisha pima spidi kwa fast.com au Speedtest. Fanya hivyo asubuhi, na tena saa mbili usiku. Andika matokeo.

Usichanganye megabiti na megabaiti. Baiti moja ni biti nane, kwa hivyo laini ya megabiti 20 hupakua megabaiti 2.5 kwa sekunde. Filamu ya gigabaiti moja itachukua karibu dakika saba. Hapo hujaibiwa, hesabu ndivyo ilivyo.

Kama asubuhi unapata 20 na usiku 4 hata kwa waya, rauta yako haina hatia. Msongamano uko kwa kampuni, au kwa yule anayesambazia ploti nzima neti kutoka laini moja.

Soma kilichoandikwa

Kama kwa waya mambo ni sawa, sasa geukia rauta uliyonunua. Namba kubwa kwenye boksi isikuzuzue. TP-Link TL-WR840N, kwa mfano, huuzwa kama rauta ya megabiti 300, ila matundu yake ya waya mwisho ni 100. Hiyo 300 ni spidi ya hewani katika hali bora kabisa. Kwa laini ya 20 haina neno, lakini ukilipia zaidi ya 100, ziada yote itaishia mlangoni. Tafuta maandishi haya: 10/100 ni rauta ya 100, 10/100/1000 inafika 1,000.

Kagua pia waya unaounganisha rauta mbili. Ndani una nyuzi nane. Mmoja ukikatika au ukibanwa vibaya, spidi inaweza kushuka sana huku taa zikiwaka kama kawaida.

Hewa ya ploti

Hapa ndipo wengi wetu wa Eastlands tunaumia. Fungua orodha ya waifai kwenye simu uone majina ya majirani yalivyojaa. Wengi wao wako kwenye masafa ya 2.4GHz, ambayo yana chaneli tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Ni kama Jogoo Road jioni, gari lako hata liwe na injini kubwa vipi, utasonga na foleni.

Pakua programu ya kuchunguza waifai, uone chaneli yenye watu wachache, uiweke kwenye rauta. Upana wa chaneli uwe 20MHz, si 40. Kama rauta ina 5GHz, itumie, kwani huko chaneli ni nyingi. Ubaya wake ni kwamba haipenyi kuta za mawe vizuri, kwa hivyo toa rauta nyuma ya TV uiweke juu, mahali wazi.

Mwisho, usiache rauta mbili zikitangaza waifai kwenye chaneli moja. Zima waifai ya moja, au iweke yako katika hali ya Access Point, ile ya kampuni ibaki kusimamia laini. Na usikimbilie kitufe cha reset: kama mipangilio ya kampuni imehifadhiwa humo, itafutika, ukae giza hadi wakutumie upya.

Wakati si wewe

Kuna siku hakuna fundi wa mtaani atakayekusaidia. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na neti ikalemaa Afrika Mashariki nzima. Siku kama hiyo, waulize wenzako mtaani kwanza kabla ya kufungua rauta.

Lakini kama vipimo vya waya vinaonyesha unapata nusu ya unacholipia wiki baada ya wiki, piga simu kwa kampuni ukiwa na tarehe, saa na namba. Wakikuzungusha, peleka malalamishi hayo kwa Mamlaka ya Mawasiliano (CA). Ukisema "neti ni mbaya" utaambiwa uzime na kuwasha. Ukisoma namba, itabidi wakujibu.