Rada ilionaje chini ya Goma?

(MUZIKI WA KUFUNGULIA KIPINDI. UNASHUKA POLE POLE.)

MTANGAZAJI: Niko hapa studioni pamoja na kaka yangu.

MWENZAKE: Asante, dada.

MTANGAZAJI: Leo tunajibu swali la mama mmoja aliyetoka Goma. Anasema: “Mwaka 2021 mlima ulipolipuka tulikimbia. Lava ikasimama, tukarudi nyumbani. Kisha tukaambiwa tukimbie tena, eti setilaiti imeona moto chini ya mji. Setilaiti iko angani. Iliwezaje kuona chini ya ardhi? Au tulidanganywa?”

MWENZAKE: Mama, hukudanganywa. Ila setilaiti haikuona moto. Ilipima ardhi, ikakuta imesogea.

MTANGAZAJI: Tuwakumbushe wasikilizaji mambo yalivyokwenda.

MWENZAKE: Tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ulipasuka ubavuni na lava ikashuka kuelekea Goma. Hakukuwa na onyo la mapema. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege. Mwaka 2002 iliingia hadi katikati ya mji, kwa hiyo watu wengi walishukuru Mungu na kuanza kurudi. Lakini matetemeko hayakukoma. Barabara na kuta zikapasuka. Tarehe 27 Mei serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe. Mamia ya maelfu ya watu wakatoka: wengine Sake, wengine Rubavu ng’ambo ya Rwanda, wengine kwa boti hadi Bukavu.

(SAUTI YA REDIO IKITAFUTA STESHENI. INAKATIKA.)

MTANGAZAJI: Sasa kaka, tueleze hiyo rada.

MWENZAKE: Tuanzie na redio uliyoshika mkononi. Sauti yetu inakufikia kwa mawimbi ya redio. Huyaoni, lakini yanapita. Rada inatumia mawimbi ya ukoo huo huo, ila mafupi zaidi. Kamera ikikuta wingu au usiku, haioni kitu. Wimbi la rada linapita kwenye wingu, moshi na giza. Na milima ya Virunga, kila anayeijua anajua jinsi inavyofunikwa na mawingu.

MTANGAZAJI: Linapita, halafu?

MWENZAKE: Halafu linarudi. Ukisimama mbele ya mlima ukaita, sauti yako inarudi. Ule ni mwangwi. Setilaiti nayo inatuma wimbi, linagonga ardhi, linarudi. Setilaiti za Ulaya zinazoitwa Sentinel-1 huzunguka kwenye urefu wa karibu kilomita 700. Wimbi lao lina urefu wa sentimita 5.6 hivi, kama upana wa vidole vitatu. Kila setilaiti hurudi njia ile ile baada ya siku 12. Wataalamu huchukua mwangwi wa safari ya kwanza na wa safari ya pili, wakavilinganisha. Kama ardhi imeinuka, imeshuka au imesogea kati ya safari hizo mbili, mwangwi haulingani tena. Kwa njia hiyo hupima mwendo wa sentimita chache tu.

MTANGAZAJI: Kutoka kilomita 700!

MWENZAKE: Ndiyo, dada. Na Mei 2021 picha hizo za rada, pamoja na vipimo vya GPS na vya matetemeko vilivyokuwa ardhini, vilionyesha kwamba magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa imejipenyeza kuelekea kusini, chini ya Goma hadi chini ya Ziwa Kivu. Fikiria kabari inayoingia kwenye gogo: hata kama huioni kabari yenyewe, unaona gogo linavyofunguka. Ndivyo ilivyokuwa. Wasiwasi ulikuwa mkubwa kwa sababu ya ziwa. Maji ya chini ya Kivu yamebeba gesi nyingi sana, kabonidioksaidi na methani. Mwishowe magma haikutokeza mjini wala ziwani. Lakini siku ile hakuna aliyeweza kuahidi hivyo.

MTANGAZAJI: Na mashine hizo hazikosei?

MWENZAKE: Hukosea zikiachwa peke yake. Wimbi likipita kwenye hewa yenye unyevu mwingi huchelewa kidogo. Kwetu huku kwenye mvua na misitu, ucheleweshaji huo unaweza kufanana na ardhi inayosogea. Na juu zaidi, kuanzia kilomita 60 hivi hadi mamia ya kilomita, kuna tabaka linaloitwa ionosfia, lililojaa chaji za umeme zinazotokana na jua. Ndilo linalorudisha mawimbi mafupi ya redio duniani, na ndilo linalofanya usiku usikie stesheni za mbali ambazo mchana huzipati. Katika kanda ya ikweta tabaka hilo huchafuka mara nyingi, na wimbi la setilaiti lazima lipite humo.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo lazima wajue hali ya hewa na ya anga kabla ya kusema ardhi imesogea.

MWENZAKE: Hapo ndipo ushirikiano unapohitajika, maana wimbi halina pasipoti. Hakuna nchi inayoweza kulipima peke yake. Tangu mwaka 1919 upo Umoja wa Kimataifa wa Sayansi ya Redio, ulioanzishwa Brussels. Mwaka 1957 na 1958 wanasayansi wa nchi zaidi ya 60 walipima dunia na anga kwa pamoja, wakati nchi kubwa zilikuwa zinatishiana kwa silaha. Kwa Nyiragongo pia ilikuwa hivyo: watu wa kituo cha kuchunguza volkano cha Goma walifanya kazi na wenzao wa Ubelgiji, Luxembourg na kwingineko. Setilaiti ya Japani inatumia wimbi refu zaidi, la sentimita 24 hivi, linalopenya majani ya msitu vizuri zaidi. Na picha za Sentinel-1 hutolewa bure kwa kila nchi.

MTANGAZAJI: Basi mtu wa Goma akae akisubiri setilaiti?

MWENZAKE: Hapana. Setilaiti hupita, kisha huondoka. Haiwezi kukwambia saa ya mlipuko. Anayejua kwamba udongo umeanza kuwa moto au ufa umefunguka ni mkazi wa pale. Na kuna hatari ambayo rada haiioni kabisa: mazuku. Watu wa Goma ndio waliolipa jina hilo, na wanasayansi wa dunia nzima sasa wanalitumia. Ni kabonidioksaidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hulala mabondeni na mashimoni, na inaua kimya kimya.

MTANGAZAJI: Mtoto ni mfupi, ndiye anayeivuta kwanza.

MWENZAKE: Ndiyo. Mwenye ndugu huko amkumbushe: asilale wala kulaza mtoto kwenye shimo au bonde la mazuku. Mtu akianguka humo, usiruke kumfuata bila msaada. Wengi wamekufa wakiokoa.

(MUZIKI MFUPI.)

MTANGAZAJI: Mama wa Goma, tunatumaini umepata jibu. Setilaiti haikuona moto. Ilisikia mwangwi wa ardhi iliyofunguka, na watu wa nchi nyingi wakausoma pamoja. Kukimbia mara ya pili hakukuwa ujinga, hata kama lava haikutoka tena.

MWENZAKE: Na kwa vikundi vya wasikilizaji, swali la kujadili: onyo likitolewa na hatari isitokee, tufanye nini ili onyo linalofuata lisidharauliwe?

MTANGAZAJI: Tuleteeni majibu yenu. Hadi wakati mwingine, kaeni salama.

(MUZIKI WA KUFUNGIA KIPINDI.)