Msawazo wa Mwili Baada ya Kiharusi: Kipimo, Istilahi na Vilima vya Kigali

Kiharusi kinapompata mtu wa miaka thelathini au arobaini, haitoshi kuuliza kama atasimama tena. Huulizwa pia kama atarejea kazini. Jijini Kigali swali hilo lina uzito wa pekee. Mitaa imekaa juu ya vilima, na anayetoka Nyamirambo kwenda mjini hupanda pikipiki au hutembea kwenye miteremko.

Katika fiziotherapia, msawazo hupimwa mara nyingi kwa Kipimo cha Berg, kilichochapishwa Kanada mwaka 1989. Kina majukumu 14, kila moja likipewa alama 0 hadi 4, jumla 56: kuinuka kitini, kuokota kitu sakafuni, kugeuka mduara mzima, kusimama kwa mguu mmoja na mengineyo. Kiliundwa kwa ajili ya wazee. Hakina jukumu la kutembea, sembuse kuteremka mlima. Kwa hiyo mtu wa umri mdogo aweza kupata alama zote 56 na bado asiweze kujishikilia nyuma ya pikipiki inapokata kona. Anayezisoma alama hizo ofisini humwona amepona.

Upungufu huo hujibiwa na mazoezi yanayofuata kazi halisi za mgonjwa. Hurudia mara nyingi tendo analolihitaji: kupanda ngazi, kutembea na mzigo, kugeuza kichwa huku akipiga hatua. Ugumu huongezwa kidogo kidogo, kwa kuwa ubongo hujipanga upya kwa marudio. Hata hivyo, siku za mwanzo zina mpaka wake. Utafiti wa AVERT wa mwaka 2015, uliohusisha wagonjwa 2,104, ulionyesha kwamba kuanza kuwainua wagonjwa ndani ya saa 24, tena mara nyingi zaidi ya kawaida, kulipunguza uwezekano wa matokeo mema baada ya miezi mitatu.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Bunge la Rwanda lilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, ingawa Biryogo kilizungumzwa tangu zamani. Neno "usawa" huponza: mshauri wa sera hulisoma kama suala la haki. "Msawazo" lafaa katika ripoti, lakini vitenzi vya kila siku hupambanua zaidi. Anayeyumba huelemea huku na huku hata akiwa amesimama. Anayepepesuka hukosa uthabiti wa hatua. Mgonjwa akisema hayumbi asimamapo ila hupepesuka mteremkoni, ameeleza kasoro ambayo Kipimo cha Berg hakiioni. Fomu yenye kisanduku kimoja cha "usawa" huipoteza taarifa hiyo kabla haijafika wizarani.