Covid-19: kujua chanjo na kukubali sindano ni mambo mawili

Wanafunzi wa unganga wanajua kazi ya chanjo: inafundisha mwili kutambua ugonjwa mbele haujafika. Lakini wakati wa Covid-19, wengi wao walisita sawa raia wengine.

Katika inchi jirani ya Uganda, wanafunzi 600 wa unganga waliulizwa mwaka 2021. Asilimia 37 tu ndio walisema watakubali kuchanjwa. Wengine waliogopa madhara, tena walisoma mabaya mengi kwenye intaneti.

Kwetu Congo, dozi 1,700,000 za AstraZeneca zilifika mwezi wa tatu 2021. Juu ya habari za damu kuganda huko Ulaya, kuchanja kulingoja mpaka tarehe 19 aprili. Watu walikuja wachache. Dozi kama 1,300,000 zikapelekwa inchi zingine mbele ziharibike.

Hilo linagusa kila nyumba. Mtoto anayesomea unganga ndiye mama na majirani wanauliza kwanza. Kama yeye mwenyewe ana mashaka na ananyamaza, uvumi ndio unajibu pahali pake. Kwa hiyo masomo ya chanjo yasikuwe ya mtihani tu: mwanafunzi aulize woga wake darasani, ajibiwe wazi, kisha naye ajue kujibu nyumbani.