Pikipiki ya theluji ya mtumba: Apex au 900 ACE? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza kwa nini injini za mipigo minne zilichelewa kuingia kwenye pikipiki za theluji, na kwa nini zilipoingia hazikutoka tena. Leo tunaingia sokoni. Msomaji wetu anayeishi Minnesota, Marekani, anauliza kuhusu mashine mbili alizozipata kwa wauzaji wawili tofauti. Moja ni Yamaha Apex ya 2007, nyingine ni Ski-Doo MXZ ya 2014 yenye injini ya 900 ACE. Yamaha ni rahisi kidogo, Ski-Doo ni changa kwa miaka saba, zote zimetembea sana, na fedha aliyonayo inatosha moja tu. Achukue ipi?

Nianze na jambo litakalowaudhi wapenzi wa kila kampuni: swali la injini ipi ni bora halina uzito mkubwa hapa. Injini zote mbili, zikibadilishiwa oili kwa wakati, zitadumu kuliko vyuma vilivyozibeba. Atakayeingia hasara ataipatia kwenye beringi, shokomzoba, mkanda wa mpira na mabomba ya ekzosi, huku injini yenyewe ikiendelea kunguruma vizuri. Hata hivyo ni vyema kuzifahamu, maana tabia ya injini ndiyo inayoamua mashine itamfaa nani.

Apex iliingia sokoni kama toleo la 2006 kurithi nafasi ya RX-1 ya 2003, mashine ambayo injini yake ilitokana na pikipiki ya barabarani ya R1. Ina silinda nne, ujazo wa sentimita 998, valvu tano kwa kila silinda, na nguvu ya farasi karibu 150. RX-1 ilitumia kabureta. Apex ikaja na injekta, na kwa mnunuzi wa mtumba hiyo ni nafuu kubwa, kwa sababu kabureta nne zilizolala na petroli iliyooza ni kazi ya kutwa nzima kuzisafisha. Injini hii huvuka mizunguko 10,000 kwa dakika, kasi ambayo klachi ya belti haiipendi, ndiyo maana Yamaha waliweka gia ya kupunguza mzunguko kabla nguvu haijafika kwenye klachi. Ukiminya gesi inaruka. Ukiachia, inajikaba yenyewe kwa nguvu, na anayetoka kwenye mashine ya mipigo miwili hulazimika kujifunza upya namna ya kuingia kwenye kona.

Injini ya 900 ACE haina makeke hayo. Inatengenezwa na Rotax kule Gunskirchen, Austria. Silinda tatu, ujazo wa sentimita 899, farasi 90. Gesi yake ni ya umeme, na dereva huchagua kati ya hali tatu: ya kubana petroli, ya kawaida na ya mbio. Hali hiyo ya kwanza wengi huicheka, lakini kwa mtu anayeanza, au anayemfundisha kijana wake, ndiyo inayostahili kutumika msimu mzima. Injini hiyohiyo imefungwa pia kwenye pikipiki za majini za Sea-Doo Spark, zilizoanza kuuzwa kama toleo la 2014, kwa hiyo mafundi wanaoijua ni wengi na spea zake hazitaadimika leo wala kesho.

Farasi 150 dhidi ya 90, mtu atasema mjadala umekwisha. Haujaisha, kwa sababu ya uzito. Apex ikiwa na petroli, oili na maji inakaribia kilo 300, na sehemu kubwa ya uzito huo imekaa mbele, juu ya skii. Kwenye njia iliyosawazishwa usiku na mtambo, ikiwa ngumu na iliyonyooka, uzito huo ni faraja: mashine inatulia kama gari. Njia ikianza kuchimbika mchana, vichuguu vikafuatana kimoja baada ya kingine, mikono na mgongo ndivyo vinavyolipa. Ukitoka nje ya njia kidogo tu ukampisha mwenzako, skii zikazama kwenye theluji laini, utajua kwa nini wenye Apex hutembea wawili wawili. Apex za kuanzia 2011 zilipewa usukani wenye msaada wa umeme, na watu waliopanda zote mbili hawataki kurudi kwenye za zamani. Hii ya 2007 haina. Ski-Doo ni nyepesi kwa kilo kadhaa za maana, na dereva amekaa mbele zaidi, mtindo ambao kampuni hiyo iliuanzisha kwa chasisi ya REV mwaka 2003. Mtu mmoja mwenye afya anaweza kuinua mkia wake na kuusogeza pembeni.

Sasa ukaguzi. Mpigie muuzaji simu umwombe asiwashe mashine kabla hujafika. Ukifika, weka mkono kwenye boneti na kwenye ekzosi. Zikiwa na joto, ameficha kitu, au hakusikia ombi lako. Mashine ya mipigo minne yenye afya huwaka kwenye baridi kali bila kubembelezwa. Ikichelewa, huenda ni betri tu, lakini huenda pia ni valvu zisizofunga sawasawa, na hilo litaonekana kwenye kipimo cha kompresheni. Lipia kipimo hicho. Ni gharama ndogo.

Kwenye Apex, oili inataka utulivu. Injini hii huhifadhi oili kwenye tangi la pembeni, si chini ya kranki, kwa hiyo kijiti cha kupimia hakisemi kweli ikiwa baridi. Lazima injini ipate moto, iachwe ingurume polepole kidogo, izimwe, ndipo upime. Wamiliki wengi hupima asubuhi ikiwa baridi, wakaona oili haitoshi, wakaongeza. Oili iliyozidi husukumwa hadi kwenye kasha la chujio la hewa. Fungua kasha hilo. Ukikuta dimbwi la oili, ama mmiliki alikuwa anajaza ovyo, ama mashine imewahi kulala ubavu. Humohumo angalia kama panya wamejenga kiota, maana mashine hizi hukaa ghalani miezi minane kwa mwaka na panya wa Minnesota hawachagui kampuni. Kisha fuata mabomba ya ekzosi yanayopita chini ya kiti hadi nyuma, usikilize kwenye maungio. Gasketi zake zikichoka hutoa mlio mkavu wa kugonga, na kuzibadilisha kunataka kufungua vitu vingi.

Kinachofuata ni cha mashine zote mbili. Inua mkia, uuweke juu ya stendi madhubuti, uzungushe mkanda wa mpira kwa mkono. Beringi nzima huzunguka kimya. Iliyokwisha hukwaruza kama mchanga. Injini ikiwa inawaka na mkanda uko hewani, mtu yeyote asisimame nyuma, kwa sababu kipande cha chuma au jiwe likichomoka huko ni risasi. Tazama reli za plastiki ambazo mkanda huteleza juu yake. Theluji ndiyo oili ya reli hizo, na ndiyo inayopoza maji ya injini yanayopita kwenye vipozaji vilivyo chini ya bodi. Ukikuta reli zimeyeyuka kabla ya kufika alama ya kikomo, mashine imeendeshwa kwenye barafu tupu au lami, na injini yenyewe huenda ilipata joto kupita kiasi siku hiyohiyo. Shika ncha ya kila skii uitikise kulia na kushoto: mchezo mwingi maana yake ni bushi na viungo vya usukani. Fungua kifuniko cha klachi uitazame belti. Iliyong'aa ubavuni kama kioo imekuwa ikiteleza.

Petroli nayo ina hadithi yake. Kwa sheria ya Minnesota petroli ya kawaida huchanganywa na ethanoli, asilimia 10, ila imeruhusiwa kuuzwa isiyochanganywa kwa ajili ya mashine kama hizi na injini ndogo. Muulize muuzaji alikuwa anajaza ipi alipoifungia mashine msimu wa joto. Ethanoli huvuta unyevu, na jibu la kusitasita ni sababu tosha ya kupunguza bei.

Karatasi zisikuchoshe, lakini zisirukwe: linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi ya alumini, juu ya mkanda, na ile iliyo kwenye usajili wa Idara ya Maliasili ya jimbo. Na kama ulizaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1976, unahitaji cheti cha mafunzo ya usalama kabla ya kuendesha kule. Njia za jimbo, zaidi ya kilomita 35,000, nyingi zikitunzwa na vilabu vya wenyeji, hufunguliwa tarehe 1 Desemba na kufungwa tarehe 1 Aprili.

Limebaki suala la Yamaha wenyewe. Kampuni hii ilianza kutengeneza pikipiki za theluji mwaka 1968, na mwaka 2023 ikatangaza kwamba inajitoa kwenye biashara hiyo. Toleo la 2025 likawa la mwisho Amerika Kaskazini. Iliahidi kuendelea kutoa spea na huduma, na sina sababu ya kuitilia shaka ahadi hiyo kwa upande wa vipuri vya injini. Wasiwasi wangu uko kwenye vitu vya plastiki, viti, saa za mbele na nyaya za mashine iliyokwisha pita miaka kumi na mitano. Hivyo ndivyo hupotea kwanza madukani, na ndivyo huvunjika kwanza porini.

Kwa hiyo jibu langu kwa msomaji wetu ni hili. Kama utakuwa unatembea na wenzako wenye mashine za nguvu, kwenye njia ndefu zilizonyooka, na una mahali pa joto pa kufanyia kazi pamoja na rafiki anayejua spana, ichukue Apex, mradi kasha la hewa ni kavu na ekzosi haigongi. Kama sivyo, na kwa barua yako naona sivyo, lipa ile tofauti ndogo uchukue 900 ACE. Ikishindwa kupita kipimo cha kompresheni au beringi zikikwaruza, usinunue yoyote kati ya hizo mbili. Subiri mwezi Aprili, theluji inapoyeyuka na wauzaji wanapolegeza bei.

Wiki ijayo: kuifungia mashine ghalani kwa miezi ya joto bila kuiharibu.