Chupa ya mitishamba kabla ya mechi, nani kaipima?

UKIPITA Mzumbe jioni, kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa, mpira hukosi. Wanachuo wanacheza, wanafunzi wa sekondari wanacheza, na vijana wa vijiji vya jirani nao wana timu zao na ubishi wao wa Simba na Yanga. Hii ni Wilaya ya Mvomero, nyumbani kwa Mtibwa Sugar waliobeba ubingwa wa Bara mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Kwa hiyo mtoto wa huku akiota kucheza Ligi Kuu hachekwi.

Pembeni ya viwanja vya namna hii, hapa na kwingine nchini, mara nyingi kuna chupa. Ilikuwa ya maji ya kunywa, sasa ina kitu cha kahawia kama chai iliyosahauliwa jikoni. Mizizi, magome, tangawizi, asali kidogo. Inapita mkono kwa mkono kabla ya mechi, wenyewe wanaiita dawa ya pumzi. Sizungumzii mambo ya kamati ya ufundi na mayai yanayovunjwa golini, hao wana siku yao. Nazungumzia kinachoingia tumboni. Ukiuliza ndani kuna nini, utajibiwa kwa kujiamini kabisa: ni asili tupu, haina kemikali.

Muulize Mamadou Sakho habari ya asili.

Machi 17, 2016, beki huyo wa Liverpool alicheza dhidi ya Manchester United kule Old Trafford, mechi ya Europa League. Akapimwa mkojo. Wiki nne baadaye akaifunga Borussia Dortmund katika ile mechi ya 4-3 ambayo mashabiki wa Liverpool wanaisimulia mpaka leo. Kumbe majibu ya mkojo yako njiani. Ndani yake kulikutwa higenamini, kitu kinachotengenezwa na mimea kadhaa, ambacho Sakho alikipata kwenye dawa ya kupunguza mafuta mwilini. UEFA ikamsimamisha siku 30. Akaikosa fainali ya Basel ambayo Liverpool walipigwa 3-1 na Sevilla, akaikosa na Euro 2016 iliyochezwa nyumbani kwao Ufaransa.

Julai mwaka huohuo UEFA ikaifuta kesi. Hoja iliyomwokoa ni kwamba higenamini haikuwa imeandikwa kwa jina kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa, wala haikuthibitishwa kuwa ni ya kundi lililokatazwa. Novemba 2020 WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa hizo michezoni, lilimwomba radhi mjini London na kumlipa fidia. Safi. Lakini fainali hairudishwi kwa fidia, na jezi ya kikosi cha kwanza cha Liverpool hakuivaa tena kwenye mechi ya mashindano.

Sasa sikiliza vizuri. Tangu Januari 2017 higenamini imeandikwa waziwazi kwenye orodha, kundi moja na dawa za kufungua njia za hewa kama salbutamol wanayovuta wagonjwa wa pumu. Mlango aliotokea Sakho umefungwa. Na miongoni mwa mimea ambayo wataalamu wameikuta higenamini ni mtopetope, Annona squamosa, mti ambao wengi wetu tumeukwea utotoni. Usiogope kula topetope lako. Kula tunda ni jambo moja, kuchemsha majani na magome mpaka yabaki maji mazito ni jambo jingine, maana hapo unakusanya kwenye kikombe kimoja kile ambacho mti ulikisambaza mwili mzima.

Na mti haukitengenezi kwa ajili yetu. Hauna miguu ya kumkimbia anayeutafuna, silaha yake ni uchungu, ukali na sumu. Mtonga, ambao matunda yake watoto wanayapasua na kuyala porini, ni ndugu wa ukoo wa mti wa Asia unaotoa strikinini. Mwaka 1904, kwenye Olimpiki ya St. Louis, Mmarekani Thomas Hicks alipewa strikinini na pombe kali njiani ili amalize marathoni. Alishinda, lakini alifika akiwa hoi, karibu na kufa. Leo strikinini imo kwenye orodha ya vilivyokatazwa siku ya mashindano.

Turudi kwenye mabonde ya Uluguru. Huko juu, Kinole na Matombo, wanalima viungo: iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Tangawizi nayo haikosekani sokoni Morogoro, na yenyewe ina ushahidi wa kueleweka. Ukali wake unatoka kwenye jinjaroli, ambayo tangawizi ikikaushwa hugeuka kuwa shogaoli, kali zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 uliwapa watu gramu mbili za tangawizi kila siku kwa siku 11, kisha wakafanyishwa mazoezi mazito ya mkono. Maumivu ya misuli yalipungua kwa takriban robo. Si muujiza, lakini kwa mchezaji mwenye mechi Jumatano na Jumamosi, robo si haba. Wala haijakatazwa.

Pilipili manga ina piperini, ambayo huzuia mwili kuvunjavunja baadhi ya dawa, hivyo dawa nyingine unazomeza zinaweza kuingia kwenye damu kwa wingi kuliko daktari alivyopanga. Shubiri ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Vijana wanainywa "kusafisha tumbo" kabla ya msimu. Ule utomvu wake wa njano una aloini, inayoharisha. Unapoharisha unapoteza maji na potasiamu, na misuli isiyo na potasiamu ya kutosha hulegea na kubana. Halafu dakika ya 70 mtu anashikwa na misuli, benchi linalaumu uwanja.

Mirungi sihitaji kuirefusha. Ni haramu kisheria nchini, na kathinoni na kathini zilizomo ni vichangamshi ambavyo mpimaji anavitafuta siku ya mechi.

Tofauti ya dawa na chai imeonekana vizuri kwenye malaria. Dawa mseto tunayomeza imetokana na artemisinini, iliyochujwa kutoka kwenye mmea wa artemisia. Bi Tu Youyou wa China alipata Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2015. Jani ni lilelile, lakini Shirika la Afya Duniani halishauri kunywa chai yake kutibu malaria, kwa sababu kikombe hakina kipimo. Leo kina kingi, kesho kidogo, na vimelea vinavyopona kidogo vinajifunza usugu.

Nyuki je? Asali ni sukari kwa sehemu kubwa, fruktosi na glukosi, na ndiyo maana mchezaji akilamba kijiko kabla ya mechi anapata nguvu za haraka. Hakuna siri nyingine hapo. Kwenye kidonda asali ina kazi ya ziada: kimeng'enya cha nyuki hutoa haidrojeni peroksaidi inayoua bakteria. Asali ya nyuki wadogo wasiouma, ile watu wanayoitafuta kwa bei ya juu, ina maji mengi zaidi na uchachu, na huchacha upesi ikitunzwa vibaya. Gundi ya nyuki ni utomvu wa miti waliyoitembelea, kwa hiyo ya Uluguru haiwezi kuwa sawa na ya Brazil, hata kama kopo linasema yote inatibu kila kitu. Na wale wanaojing'atisha nyuki kwenye goti wajue kwamba karibu nusu ya sumu kavu ya nyuki ni melitini, inayotoboa chembe za mwili. Mwenye mzio anaweza kufa kabla gari halijafika barabarani.

Wadudu wana historia nyingine ya kuchekesha. Mwaka 1993 wasichana wa China chini ya kocha Ma Junren walivunja rekodi za mbio mpaka dunia ikashika kichwa. Kocha akasema siri ni damu ya kasa na kuvu anayeota kwenye kiwavi. Mwaka 2000, kabla ya Olimpiki ya Sydney, sita kati ya wakimbiaji wake saba waliondolewa kwenye timu baada ya vipimo vya damu. Kiwavi wa watu alisingiziwa.

Hilo hutokea hata kwenye unga unaouzwa kama mizizi mitupu. Mara kwa mara wakaguzi wa Marekani wamekuta ndani ya dawa "za asili" za nguvu za kiume dawa ya hospitali, sildenafili, bila kuandikwa. Kwetu, sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa zao, na ni vizuri kununua kilichosajiliwa. Lakini usajili huo haumaanishi kwamba dawa inaruhusiwa michezoni.

Sheria ya michezo yenyewe haina huruma: kilichokutwa mwilini ni chako. Paolo Guerrero wa Peru alipimwa Oktoba 2017 baada ya mechi na Argentina, akasema ni chai ya majani ya koka. Alifungiwa miezi 14 hata hivyo, na Kombe la Dunia la 2018 alilicheza kwa sababu tu mahakama ya Uswisi ilisimamisha adhabu kwa muda.

Kijana wa mchangani Mzumbe hapimwi mkojo kesho. Ila akisajiliwa, akavuka hadi mechi za CAF, ataitwa chumba cha vipimo na kupewa fomu. Kwenye fomu ile kuna nafasi ya kuandika dawa na virutubisho vyote alivyotumia siku saba zilizopita, kwa majina. Sijui ataandika nini. "Chupa ya kahawia"?